Mgonjwa Wetu wa Jumamosi

Mgongo wangu umestaafu, nami imenibidi niufuate. Nina miaka arobaini na saba, na wenzangu kazini wamenicheka vya kutosha. "Mwadime, mtu hustaafu akiwa na mvi," waliniambia siku nilipokabidhi beji yangu na mshipi wa kutembezea wagonjwa. Mvi ninazo mbili tatu. Ziko nyuma ya kichwa, na kwa kuwa sizioni, sizihesabu.

Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi hii ya kuwahudumia wazee wa Minneapolis na Saint Paul mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Mishahara mnaijua, na vyeo sikukaa mahali popote muda wa kutosha kupewa, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitaandika zaidi habari za mwanamke mmoja aliyetufundisha kazi akiwa amelala. Machi iliyopita, kamati ya eneo letu inayowaheshimu watu wa kujitolea ilitaka jina lake ili lichorwe kwenye kibao, na jina hilo nusura lisipatikane. Ili mwelewe kwa nini, lazima nianze na sweta.

Nilizaliwa Voi, karibu na stesheni, na nadhani hapo ndipo nilipopata maradhi ya kutotulia. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mtoto anayelala akisikia treni zikienda Nairobi na Mombasa hukua akiamini kwamba mahali pazuri ni pale ambapo yeye hayupo. Kufikia miaka ishirini na tisa nilikuwa nimekwisha kuishi Mombasa, Nakuru, Arusha na Doha. Hapa Minnesota, Amerika, nilifika mwezi wa Januari, wakati wa theluji, nikiwa nimevaa viatu vya kitambaa. Binamu yangu, aliyekuwa amepanga chumba Fridley, alikuja kunipokea, akaitazama miguu yangu, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Hapa kuna kazi moja tu ya mtu kama wewe," aliniambia ndani ya gari. "Kulea wazee. Kozi wiki chache, mtihani, unaanza."

Kozi niliimaliza. Mtihani wa kuandika nikapita. Wa vitendo ndio ulionishinda.

Mnaujua ulivyo. Unabisha hodi, unaingia, unaosha mikono, unavuta pazia, unasema jina lako, unamwuliza mgonjwa lake, ndipo unaanza kazi uliyopewa. Mimi nilipewa kazi ya kumbadilisha sweta mama mmoja wa Kimarekani aliyeigiza mtu aliyepooza mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa kumzidi mama yangu. Hodi nilibisha vizuri, mikono nikaiosha vizuri. Halafu nikageuza uso ukutani, nikaanza kumvua mama wa watu sweta kwa kupapasa.

Jina langu sikulisema, lake sikuliuliza. Kwetu humwulizi jina mtu aliyemzidi mama yako umri, na humvui nguo huku umemkodolea macho. Nilidhani ninaonyesha adabu. Msimamizi aliandika kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba nimemvalisha mtu kama anayetafuta ufunguo gizani.

Mara ya pili nilijitahidi kumtazama mgonjwa, nikaishia kumtazama paji la uso tu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na paji la uso, ule mkono mgonjwa nikauvalisha mwisho badala ya mwanzo. Ikabaki nafasi moja. Nikianguka tena, ni kurudia kozi yote. Binamu yangu akaniambia kuna darasa la kujitolea kila Jumamosi asubuhi, katika basimenti, chumba cha chini ya ardhi, ya kanisa moja hapo hapo Fridley.

Basimenti ile ilinuka kahawa na viatu vilivyoloa theluji. Katikati kulikuwa na kitanda cha hospitali cha zamani, cha kuzungusha mpini ili kiinuke, na kamba iliyotundikwa shuka iwe pazia. Mwalimu alikuwa Sista Moraa, muuguzi kutoka Kisii, aliyefanya kazi Maple Grove wiki nzima na Jumamosi akaja kutufundisha bure. Wanafunzi tulikuwa wanane. Na kitandani, akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kuweka mikono juu ya tumbo, alilala mama mkwe wake Sista Moraa, aliyekuja Amerika kulea wajukuu, na ambaye kila Jumamosi alikuwa mgonjwa wetu.

"Shikamoo, mama," nilisema, macho sakafuni.

Kisii hawaamkiani hivyo, lakini alinijibu kwa adabu. "Marahaba. Karibu. Haya, nivue sweta."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Nyuma yangu alisimama Papa Selesteni, mwanafunzi mwenzangu kutoka Bukavu, mtu mzima aliyekuja darasani na tai. Naye akarudi nyuma hatua mbili.

"Pardon, mama," alisema. "Miye siwezi kuvula mama ya watu nguo. Mutupatiye mwanaume."

"Mwanaume wa kulala hapa atoke wapi?" Sista Moraa aliuliza. "Nyinyi mnataka kulala?"

Hakuna aliyetaka. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akaketi.

"Moraa," alisema, "hawa hawaogopi mtihani. Wananiogopa mimi."

Akashuka kitandani, akavaa koti lake, akapanda ngazi akaenda zake. Papa Selesteni alivua tai akaiweka mfukoni. Tulijua tumemkosea mtu mzima, na tulijua hatarudi.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta kitandani amevaa wigi. Ilikuwa ya rangi ya mahindi makavu, imejikunja kunja, na ameivaa mpaka kwenye nyusi. Puani alikuwa na miwani yenye mnyororo, na mwilini sweta ya waridi yenye vifungo vya lulu, vyote vimetoka duka la mitumba.

"Mimi si mama ya mtu hapa," alisema. "Naitwa Margaret. Nina miaka themanini na mbili, mkono wa kushoto umekufa, binti yangu hanipigii simu, na kahawa yenu ni maji ya kuoshea vyombo. Nani ananivalisha?"

Papa Selesteni alicheka mpaka akalazimika kuketi. Sote tulicheka, na tulipomaliza kucheka woga ulikuwa umetoka. Margaret hakuwa mama ya mtu yeyote tunayemjua.

Nilikuwa wa kwanza.

"Wewe, kijana mrefu. Unaniangalia mimi au unaangalia ukuta? Ukuta umevaa sweta?"

"Hapana."

"Jina lako?"

"Mwadime."

"Mtu unaingia chumbani kwangu bila jina! Nitapiga kengele. Na hiyo kengele yenyewe umeiweka wapi?"

Kengele ya mgonjwa kumwitia muuguzi nilikuwa nimeiangusha sakafuni nilipokuwa navuta pazia. Niliiokota nikaiweka karibu na mkono wake mzima, na tangu siku hiyo sijawahi kutoka chumbani kwa mtu bila kuhakikisha kengele anaifikia. Andikeni hilo mahali, kwa sababu wengi huangukia hapo.

Alitufundisha hivyo, akiwa amelala, na mara nyingi akiwa amefumba macho. Hakuwa muuguzi. Hakuwahi kushika kazi hii hata siku moja. Lakini mkono ukimgusa, aliujua. Alimwambia Papa Selesteni, "Mkono wako unaomba msamaha. Usiniombe msamaha, nigeuze." Aliweza kujua aliyenawa kwa maji ya baridi, aliyegombana na mkewe asubuhi, aliyekaza mshipi bila kupima kama vidole viwili vinapita. Mimi aliniambia, "Mikono yako ina haraka. Inataka kwenda wapi?"

Nilikuwa nimetembea nchi nne na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mtihani wa tatu nilipita. Nilimtazama mgonjwa usoni, nikamwambia jina langu, nikauvalisha mkono mgonjwa kwanza. Nilipoiambia basimenti, walipiga makofi, kisha Sista Moraa akanionyesha kitanda.

"Sasa zamu yako," alisema.

Hiyo ndiyo desturi yetu, na msiiache ife. Anayepita mtihani hurudi Jumamosi moja, hulala kitandani saa nzima, na wanaoanza humgeuza, humvalisha, humwosha miguu. Nililala nikidhani ni mchezo. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimejua mambo ambayo hayamo kitabuni. Nilijua dari inachosha. Nilijua mtu akikugeuza kabla hajakuambia, moyo unaruka kama umekosa ngazi. Wanafunzi wawili wakawa wanazungumza habari za bei ya matairi juu ya uso wangu, mmoja huku na mmoja huku, na nikajiona mzigo. Tangu siku hiyo sijazungumza na mwenzangu juu ya kichwa cha mgonjwa.

Kazini nilianzia Maple Grove. Baada ya hapo nikahamia Bloomington, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na uwanja wa ndege, na huko nilikaa muda mfupi kwa sababu ndege zilikuwa zikinipita juu kila dakika chache na mimi nikawa naacha shuka katikati kutazama. Halafu Saint Paul, halafu Fridley, halafu Saint Paul tena. Nyumba kumi na moja kwa jumla. Wenzangu walinipa jina la Mpita Njia. Kila mahali nilijifunza kitu kimoja na kuacha kopo langu la chai.

Vifaa havikunichosha kamwe. Winchi ya kunyanyulia watu naipenda, ingawa wengi wenu mnaiona inachelewesha. Mimi niliiona inachelewesha vilevile, nikanyanyua watu kwa mikono, na sasa niko nyumbani naandika huku nimeegemea mito mitatu. Itumieni winchi. Shuka la kugeuzia likunjwe mara mbili, lisiwe na mkunjo chini ya kiungo. Maji ya kuogea, mwache mgonjwa ayaguse kwanza kwa kidole, hata kama wewe una uhakika, kwa sababu ngozi ni yake. Na taulo moja ifunike sehemu zote usizoziosha. Mtu mzima asiachwe wazi kama gari lililofunguliwa boneti.

Mgonjwa aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Saint Paul. Nitamwita Mzee Harold, si jina lake. Alikataa kuoga kwa siku tisa. Wauguzi walibembeleza, mtoto wake alibembeleza, na mimi nikabembeleza, akanitupia kiatu. Jumamosi nikampelekea Margaret shida yangu. Alikuwa amelala kitandani akingoja darasa lianze.

"Alifanya kazi gani huyo?" aliuliza.

"Sijui."

"Unataka kumvua nguo mtu, na hujui hata alifanya kazi gani. Basi mimi mwenyewe ningekutupia viatu viwili. Bisha hodi kama unaingia boma lake. Mwulize. Kuoga kuache kwanza."

Nilimwuliza. Alikuwa mtu wa reli, fundi wa breki za mabehewa, miaka thelathini na kitu. Niliketi kwenye kiti chake bila kuombwa. Nilimweleza habari za Voi, baba yangu, nyundo ndefu aliyogongea magurudumu kusikiliza kama kuna ufa. Akauliza baba alitumia grisi gani. Sikujua, akanidharau kidogo, tukawa marafiki. Siku ya pili nilisimama mlangoni na taulo begani nikamwambia behewa lake linatakiwa karakana. Akasema, "Nani anakagua?" Nikasema, "Mtoto wa fundi." Akanyanyuka. Kuanzia hapo alioga kila Jumanne na Ijumaa, akinipa amri zote kama mkuu wa karakana, na mimi nikimjibu.

Nyumba za kazi nilibadilisha, lakini Jumamosi sikuibadilisha. Kila juma nilirudi basimenti, kwanza kusaidia kusukuma kitanda, baadaye kufundisha kugeuza na kunyanyua. Wanafunzi wakaanza kuniita Kocha. Kwa miaka kumi na minane niliwaona wakija: wanafunzi wa vyuo waliotaka kazi ya wikendi, akina mama waliokuwa walimu kwao, Wakongo, Watanzania wenye Kiswahili cha kutuaibisha. Papa Selesteni naye alibaki akifundisha, na tai yake. Na kitandani, Jumamosi baada ya Jumamosi, Margaret. Wigi ilizeeka, ikanunuliwa nyingine. Yeye mwenyewe akafika umri ule aliokuwa akiuigiza, karibu.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, mambo mawili yalitokea. Mgongo wangu ulikatika nikimshika mtu aliyekuwa anaanguka, hakuanguka, nashukuru. Na Sista Moraa akatuambia kwamba mama mkwe wake anarudi Kisii mwezi wa Mei. Anarudi moja kwa moja. Wajukuu wamekuwa wakubwa kuliko milango, na yeye anataka kuona migomba yake.

Ndipo mwezi wa Machi Shiru, mwanafunzi wetu anayesomea uuguzi chuoni, akaleta fomu ya kamati.

"Kocha, nimemjazia Shosho kila kitu," alisema. Shosho ni nyanya kwa Kikikuyu; ndivyo alivyomwita Margaret. "Wako tayari kumpa kibao, kuna sherehe Aprili. Lakini fomu inataka jina kamili, na deadline ya kuirudisha ni Jumatatu, siku tisa tu. Shosho anaitwa nani kwani?"

Miaka kumi na minane nilikuwa nimemwita mama akiwa amesimama na Margaret akiwa amelala. Nikamgeukia Sista Moraa.

"Mimi nalijua," alisema. "Lakini huyo ni mama mkwe wangu. Sijalitamka tangu niolewe, sitaanza leo kwa sababu ya fomu."

"Basi liandike."

"Kuandika si kutamka kwa mkono?"

"Na mumeo?"

"Nimeshamwuliza. Anasema mama yake amekataa, na akikataa amekataa. Nenda wewe. Si wewe ndiye Kocha?"

Nilimkuta jikoni kwake akimenya ndizi za kupika, kisu kikienda haraka kuliko macho yangu. Nilimweleza.

"Andikeni Margaret," alisema. "Ndiye aliyelala."

"Margaret ni wigi, mama."

"Wigi imefanya kazi nzuri. Ipeni kibao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Mwadime, sikiliza. Mimi nimekuwa mke wa Mwalimu, nikawa mama ya watoto wangu, nikawa nyanya. Jina langu nililiacha kwa baba yangu siku niliyoolewa. Sasa nilisikie kwenye spika, mbele ya wazungu, eti nimepewa tuzo ya kulala? Moraa alifundisha. Wewe ulifundisha. Mimi nimelala miaka kumi na minane. Nyumbani wataniuliza, ulifanya kazi gani Amerika? Niwaambie nini?"

Aliendelea kumenya. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akijishusha ili abembelezwe. Aliamini hivyo. Angepanda ndege mwezi wa Mei akiamini kwamba alikuja Amerika akalala, na kibao cha Margaret kingemthibitishia. Kumwambia tu kwamba si kweli kusingesaidia. Nilikuwa nimeshamwambia mara mbili kabla ya ndizi kuisha.

Ilibaki Jumamosi moja kabla ya ile Jumatatu.

Jumamosi hiyo niliwahi. Margaret aliposhuka ngazi na wigi yake, alinikuta nimelala kitandani mwake, shuka mpaka kidevuni.

"Toka," alisema.

"Leo mgonjwa ni mimi, mama. Mgongo huu hauigizi."

"Basi nani atawafundisha?"

"Wewe. Kila aliyepita hapa amesimama na amelala. Wewe umelala tu. Hujafanya mtihani."

Darasa lilishangilia. Shiru alipiga meza. Papa Selesteni alisema, "Mama, ni haki. Ni haki kabisa."

"Mimi nifanye mtihani!" Alishika kiuno. "Na maswali yote niliyatunga mimi!"

Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu. Akavua wigi ili isimwangukie machoni, akampa Sista Moraa. Akavua miwani ya mnyororo. Akatoka nje ya mlango na kuufunga.

"Hodi," tulisikia.

Nilimwacha arudie.

"Hodi!"

"Karibu."

Aliingia. Akaenda kwenye sinki na kuosha mikono kama ilivyo kitabuni, vidole vikielekea chini, katikati ya vidole, chini ya kucha, akihesabu chini chini kwa Kikisii mpaka sekunde zikatimia, akafunga bomba kwa karatasi. Hakugusa kingo za sinki. Wanafunzi walikuwa wameacha kucheka. Akavuta pazia upande wa mlango, akakanyaga breki ya kitanda kuhakikisha, akaweka kengele karibu na mkono wangu. Kisha akasimama kando yangu, na hapo akakwama.

Alikuwa amefika mahali pa kusema jina lake.

Alinitazama. Alijua nimemtega, na alijua kwamba najua. Margaret hangeweza kulisema badala yake. Margaret alikuwa mikononi mwa Sista Moraa. Friji ya kanisa ikaanza kunguruma.

"Wewe kijana mrefu," alininong'oneza, "una akili mbaya."

"Mimi ni mgonjwa, mama. Kuna mtu ameingia chumbani kwangu bila jina. Nitapiga kengele."

Nikaipiga. Ilikuwa kengele ndogo ya dukani, ikatoa sauti nyembamba, na yeye akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, ameshika ukingo wa kitanda. Alipomaliza alifuta macho kwa mgongo wa kiganja, akakumbuka, akarudi sinki akaosha mikono upya. Darasa lilinguruma kwa furaha. Hatua hiyo wengi huisahau. Akarudi, akanyoosha mgongo.

"Bwana Mwadime, habari ya asubuhi," alisema. "Mimi naitwa Yunuke Bosibori. Leo ni mimi nitakayekuhudumia."

Sista Moraa alikuwa ameziba mdomo kwa wigi. Shiru alikuwa na kalamu lakini hakuandika.

"Nitakugeuza upande wa kulia," aliendelea. "Nikihesabu tatu. Maumivu yako wapi?"

Nilimwonyesha. Akaweka mkono mmoja begani na mmoja nyongani, akahesabu, akanigeuza. Nawaambia kweli, nimegeuzwa na wataalamu tangu Februari, na hakuna aliyenigeuza hivyo. Aliweka mto nyuma, mwingine kati ya magoti, akauvuta kidogo, akauacha. Alijua kila mahali panapouma kabla hapajauma. Hakuwahi kumgeuza mtu hata mara moja, lakini alikuwa amegeuzwa na mamia yetu, vizuri na vibaya, na yote alikuwa ameyaweka.

"Unaionaje mikono yangu?" aliniuliza.

"Haina haraka," nilisema.

Alisimama akaitazama mikono yake, pande zote mbili.

"Kumbe nilikuwa kazini," alisema.

Kisha akamgeukia Shiru. "Wewe, andika. Na usikosee, kuna Y mwanzo."

Sherehe ilifanyika Aprili, na theluji ikaanguka tena kama kawaida yake. Waliheshimiwa wengi: mzee anayewafundisha vijana kutengeneza baiskeli, mama anayewasindikiza wageni kliniki na kuwasomea barua, mwanamume anayefungua ukumbi wa mazoezi ya sataranji kila wiki. Yunuke Bosibori alipoitwa, alipanda mbele na kitenge chake, kichwa wazi, mvi zake mwenyewe. Akina mama wa Kisii walipiga vigelegele mpaka mtu wa vyombo vya sauti akadhani mashine imeharibika. Alikisoma kibao polepole. Kimeandikwa jina lake, na chini yake, kwa ombi la darasa: *Aliyetufundisha kugusa watu.* Papa Selesteni alilia hadharani, akajifutia tai.

Mwezi wa Mei nilimpeleka uwanja wa ndege. Kibao alikibeba mkononi, hakukubali kukiweka kwenye sanduku. Nilipomwona anapita ukaguzi, miguu yangu iliwasha kama kawaida, ikitaka kumfuata, au kwenda popote. Safari hii niliiambia itulie. Nina kazi Jumamosi.

Wigi iko kwenye msumari karibu na friji. Hainitoshi kichwani, kwa hiyo nimejinunulia kofia ya reli. Jumamosi, nikilala, naitwa Bwana Robert. Nina miaka tisini, mgongo umevunjika, na sipendi watu wanaochelewa. Kitanda kiko pale pale. Bisheni hodi, osheni mikono, na kabla hamjanigusa, niambieni nyinyi ni nani.